Sheria ya Waliokataa Vita

Kastori ndiye aliyeniambia, na kwa kuwa naye atausoma waraka huu, asijifiche. Tulikuwa masomo ya jioni, watu wazima na ndevu zetu tumebanwa kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti yanagusa kidevu. Mwalimu alikuwa anaeleza vita vya Wamarekani kule Vietnam, jinsi walivyovuka bahari kwenda kuuzuia ukomunisti, na jinsi nchi yao wenyewe ilivyopasuka kama chungu, hawa wanavitaka, hawa hawavitaki. Kastori akaniinamia sikioni.

"Unajua waliokataa kwenda walifanywa nini?"

"Walifungwa."

"Kufungwa ni nini! Ilipitishwa sheria. Mwanamume aliyekataa vita vile haruhusiwi kuoa Mmarekani mpaka anaingia kaburini. Ndiyo maana wametapakaa duniani. Wanatafuta wake za watu."

Niliamini kwa moyo, kwa akili na kwa ini. Niliiandika hadi kwenye mtihani wa mwisho, na nilifaulu, kwa hiyo mnaona wenyewe kwamba hata wasahihishaji hawakuwa na pingamizi.

Sasa tangu nishuke kwenye basi peke yangu, hapa Songea pamekuwa kama msibani. Mnakuja kwa zamu, mnakaa, mnakohoa, halafu mnauliza, "Mama Imelda yuko wapi?" Wengine mmeniletea na maharage. Najua kinachosemwa sokoni: Gaudensi kanyang'anywa mke na Mzungu. Basi niwaandikie nyote kwa pamoja. Mke wangu Yustina nimemwacha China mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikiwa na akili timamu na tumbo limejaa wali. Jinsi nilivyofika hapo ndiyo habari yenyewe.

Mnajua Yustina amekwenda Guangzhou mara tatu kufuata nguo za watoto. Kila aliporudi, kwenye mizigo kulikuwa na jina moja lisilolipiwa ushuru: Mwalimu Walter. Mwalimu Walter hivi, Mwalimu Walter vile. Huyo ni Mmarekani aliyemfundisha Kiingereza kidato cha kwanza kule Iringa, alipokuwa kijana amekimbia vita hivyohivyo vya Vietnam. Uzeeni kaishia Guangzhou, anawafundisha Wachina Kiingereza, na Yustina akienda anamsaidia kusema na wenye viwanda.

Mwaka huu mke wangu akaniambia anataka kubaki kule mwaka mzima, akodi chumba kidogo mtaa wa Dengfeng, awe ananunua mali na kuwatumia wafanyabiashara wa huku. "Mwalimu atanisaidia lugha mpaka nizoee."

Nikauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyo Mwalimu ameoa?"

"Hajaoa."

"Hajawahi?"

"Hajawahi, Baba Imelda. Kwani vipi?"

Mnaona? Sheria! Nikamwambia tunakwenda wote, na jibu langu nitalitoa hukohuko. Akasema, "Sawa. Lakini nilipate kabla kontena la mzigo wetu halijafungwa lakiri. Mwenye chumba hasubiri zaidi ya hapo."

Songea hadi Dar es Salaam

Jirani yetu kwenye basi alikuwa bwana mmoja wa mbolea, mwenye meno mengi. Kabla ya Njombe alikuwa amekwishampa Yustina biskuti mara mbili. Nilizila zote mimi ili zisimfikie mwenyewe, na pakiti ilipokwisha akafungua nyingine. Mpaka Makambako tumbo lilikuwa limekaza kama ngoma ya lizombe.

Iringa tulisimama kula. Ninyi mnajua Mngoni akishuka Iringa anashuka kwa watani wake, Wahehe. Babu zetu na babu zao walichinjana mpaka mito ikabadilika rangi, na kwa ajili hiyo leo tunatukanana bila mtu kukasirika, tunanyang'anyana vitu, na mmoja akifa wenzake wanakuja kuvuruga msiba kwa dhihaka. Shemeji zangu walikuwa wanasubiri stendi.

"Mngoni! Umeleta panya wangapi wa njiani?"

"Niliwaleta, mbwa wenu wakawala, kisha ninyi mkawala mbwa."

Tukacheka, tukakumbatiana, na shemeji mkubwa akanivua koti langu jipya. "Hili ni la mtani," akasema, akalivaa, akaondoka nalo. Huwezi kulidai. Ndivyo nilivyokwenda Asia bila koti.

Kitonga kulikuwa na lori limelala barabarani kama mgonjwa. Tulikaa pale saa saba. Nasema saba, Yustina anasema tatu, lakini yeye alikuwa anaongea na bwana mbolea, na mtu anayeongea haoni saa.

Dar es Salaam hadi Guangzhou

Dubai tulibadilisha ndege. Uwanja ule ni mkubwa kuliko mkoa wetu wa Ruvuma, ila hauna mihogo. Ndege ya pili ilichelewa, tukalala kwenye viti mchana kutwa. Mfanyabiashara mmoja wa Kongo, suruali yake ya rangi ya papai, alimwita mke wangu "maman" na kumsogezea mto wa kuegemeza shingo. Nikauchukua mto, nikauvaa mimi. Akanisogezea mwingine. Mkongo hamalizwi kwa ukarimu.

"Baba Imelda," Yustina akasema, "umeshanuna kwa wanaume wawili, na China bado."

"Mimi sijanuna. Nimechoka tu upande wa uso."

Guangzhou tuliingia asubuhi. Nilitegemea Mzungu mnene mwenye kamera. Nikamwona mzee mrefu, mwembamba kama mti wa bendera, shati la kitenge limefifia kola. Akainua mkono kutoka mbali.

"Kamwene, Yustina!"

Kwa Kihehe, jamani! Na Yustina akamjibu Kihehe, wakaendelea hivyohivyo kwa dakika nzima, wanacheka, mimi nimesimama na mabegi kama hamali. Miaka ishirini na miwili ya ndoa sijajifunza hata kumsalimia mama mkwe bila mkalimani. Kisha Yustina akamwambia, "Shikamoo Mwalimu," akapiga goti nusu. Goti hilo mimi nimeliona siku ya harusi tu, tena aliteleza.

"Na huyu ndiye Mngoni," Mzungu akasema, sasa kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Akanikagua tangu utosini mpaka viatuni. "Wamekuvua koti Iringa, siyo?"

Nilimchukia papo hapo. Anajua hadi utani!

Dengfeng

Hoteli yetu ilikuwa hatua chache kutoka Barabara ya Huanshi, na mtaa wa Dengfeng ulikuwa chini ya dirisha. Ndugu zangu, mtaa ule mtu hatembei, anabebwa na watu. Simu, mawigi, mabegi, wabadili fedha, Msomali anachoma nyama, Mkenya ananiita "buda", na kila mtu anaitwa laoban, yaani bosi. Mimi niliitwa bosi mara mia nne siku ya kwanza. Nikaanza kutembea kibosi. Nikataka kununua koti kwa bei ya kibosi ya Songea, mama wa Kichina akapiga meza akasema "meiyou!" Maana yake hakuna. Sijawahi kusikia hakuna isiyo na huruma namna ile. Mji mzima walikuwa wanajenga na kupaka rangi, wanasema ni Olimpiki inayokuja mwakani Beijing. Nikamwuliza Yustina Beijing ni karibu? Akasema ni mwendo wa siku nzima kwa treni. Wanapaka rangi kwa sherehe ya jirani wa mbali hivyo!

Viwandani Mwalimu Walter aliongea Kichina kwa niaba ya mke wangu. Alishusha bei, akapekua mishono ya magauni, akakataa vifungo. Yustina akawa anamwangalia kama mtu anayeangalia mvua ya kwanza. Mimi nilibeba sampuli.

Siku ya pili alitukaribisha kwake. Vyumba viwili, vitabu mpaka chooni, na picha moja tu ukutani: ile shule ya Iringa, wanafunzi wamejipanga kwenye nyasi. Nilimtafuta Yustina kwa jicho la polisi. Yupo, mstari wa mbele, ana miaka kumi na minne, kiatu kimoja tu mguuni. Mzee alisonga ugali mwenyewe, mgumu wa Kihehe, na mboga ya Kichina inayofanana na matembele. Ugali ulikuwa mtamu, na hilo nalo liliniuma.

Kwa kuwa alijifanya Mhehe, nilijipa haki ya mtani. Nilimtukana kwa moyo wote. Nikamwambia ugali wake ungeweza kujenga daraja, na kwamba Mhehe mweupe ni Mhehe aliyeoshwa akachuja. Nilikuwa natukana kwa kucheka lakini kila neno lilitoka tumboni lina joto. Naye alinijibu ipasavyo, moja kwa moja, mpaka Yustina akashika mbavu. Hakukasirika hata kidogo. Ukimtukana mtu kwa wivu akakujibu kwa utani, unabaki na njaa.

"Mwalimu," nikamwuliza, "ulikimbiaje vita?"

Akaweka tonge chini. "Sikukimbia usiku, Gaudensi. Niliitwa kwa barua. Nikajibu kwa barua, sitakwenda kuua watu ambao hawajanikosea. Kaka yangu Ray alikuwa tayari yuko kule. Baba akanifungulia mlango, akasema mguu wangu usirudi. Mama alinipa mkate kupitia dirisha la jikoni. Nikapanda basi la Kanada, kisha mwaka mmoja baadaye nikafika Iringa. Baba amekufa hajalitamka tena jina langu."

"Na kaka yako?"

"Yupo hapa. Hapa Guangzhou."

Kumbe binti wa huyo Ray, jina lake Karen, amekuja kuchukua mtoto wa Kichina wa kumlea kama wake, na baba yake amemsindikiza. Karen ndiye aliyemtafuta baba yake mdogo, akapanga wakutane kwa kifungua kinywa. Ndugu hao wawili hawajasemezana zaidi ya miaka thelathini na mitano.

"Naogopa," Walter akasema, mzee mzima. "Ray amekubali kuja mara moja tu. Tukiharibu hapo, basi. Njooni nami, mkae katikati."

Kabla mimi sijameza, Yustina akasema tutakuja.

Shamian

Shamian ni kisiwa kidogo ndani ya mji, miti mikubwa, nyumba za kizamani, mto pembeni. Nilichokiona kwanza ni Wazungu. Wazungu elfu tano, na kila mmoja anasukuma kigari chenye mtoto wa Kichina! Nikamshika Yustina mkono. "Hawa wanazaa hivi kwa sababu ya maji ya hapa?" Akaniambia nifunge mdomo, wote wamekuja kulea kama Karen, wanasubiri karatasi. Kumbukeni alivyosema nifunge mdomo.

Ray alikuwa ameshakaa hotelini mezani. Ni Walter yuleyule, ila mnene, na shingo nyekundu. Karen yuko na kitoto kifuani, anatabasamu kwa nguvu kama mtu anayeshikilia mlango usifunguke. Tukakaa. Chai ikaja, uji wao wa mchele ukaja, soseji zikaja. Kisha Ray, bila kumtazama ndugu yake, akatamka neno moja la Kiingereza ambalo masomo ya jioni walitufundisha vizuri.

"Mwoga."

Walter akakoroga chai. "Mchoma vijiji."

"Mtoto wa mama."

"Mbwa wa serikali."

Jamani, nifanyeje mimi? Moyo wangu ulichanua! Walisimama pande mbili za vita, sasa wazee, wanakula meza moja na kutukanana: si ni watani hawa? Nikawaona kama Wangoni na Wahehe kabisa. Nikaona hata aibu kwamba Walter hakutuambia kuwa kwao nako wanao utani. Nikacheka mpaka kikombe kikatikisika. Na mtani wa watani halali njaa: nikanyoosha mkono, nikachukua soseji kutoka sahani ya Ray, nikaila, nikamwambia kwa Kiingereza changu chote:

"Mzee, usimcheke huyu! Yeye alikimbia kabla, ninyi askari mlikimbia baadaye. Wote ni wakimbiaji, mmepishana saa tu!"

Hata kitoto kiliacha kunyonya kidole.

Ray aliweka kitambaa mezani, akakikunja mara nne, akainuka. Hakunisukuma, hakunitukana. Alitoka nje taratibu, mkono mmoja unashika migongo ya viti kana kwamba sakafu inateleza. Karen akaanza kulia, kitoto nacho kikaanza.

"Baba Imelda!" Yustina alisema ameuma meno. "Umefanya nini?"

"Si wanataniana?"

"Hawataniani! Wanachukiana!"

Walter hakunigombeza. Alikuwa anaitazama soseji iliyobaki. "Miaka yote hiyo nimeandaa la kumwambia," akasema. "Nilikuwa naanza na matusi ili nipate nguvu."

Sasa nitasema ukweli, kwa kuwa mmeniletea maharage. Ndani yangu kulikuwa na kidudu kidogo kilichofurahi. Kilisema, vizuri, na wewe ukose mtu wako. Nilikisikia, nikakiacha kikae. Mpaka nilipomwona Yustina anamshika mzee yule bega, na mzee akauegemeza uso kwenye mkono wake kama mtoto wa shule aliyefeli. Niliungua wivu, ndiyo. Lakini niliona pia kwamba mtu anayewinda mke wa mtu hakai hivyo.

"Nenda kamwombe radhi," mke wangu akaniambia. "Wewe mwenyewe. Usipomrudisha, jibu lako sitalihitaji tena, liwe lolote."

Nilinunua machungwa nikaenda. Ray alikuwa kwenye benchi, anatazama mto Lulu na mashua za mchanga. Niliweka machungwa katikati yetu, nikasema samahani mara kumi na mbili. Kisha, kwa Kiingereza cha taratibu, nikamweleza utani. Kwamba babu zangu na babu za mke wangu waliuana. Kwamba walichoma maghala, wakateka wanawake. Kwamba leo shemeji yangu ana koti langu na mimi nimelipenda jambo hilo.

Alimenya chungwa lote. Kisha akauliza polepole ili nimwelewe, "Ilichukua muda gani? Kutoka kuuana mpaka kucheka?"

Ninyi mnanijua, huwa sikosi jibu kubwa. "Sijui, mzee. Nadhani mpaka waliopigana walipokufa wote."

Akaitikia kwa kichwa. "Basi sisi tumewahi."

Akanieleza kidogo. Aliporudi kwao, mtaa wake ulikuwa umegawanyika. Kanisani waliovitaka vita wakikaa kulia na wasiovitaka kushoto, na hakuna aliyewapanga. Kinyozi alikuwa na siku za kuwanyoa hawa na siku za kuwanyoa wale. Kina mama waliopikiana tangu usichana waliacha kupeana chumvi. "Nusu hawakunisalimia kwa sababu nilikwenda," akasema, "na nusu hawakunisalimia kwa sababu ndugu yangu hakwenda. Mama alipika chakula cha Krismasi mara mbili, saa sita kwa wale, jioni kwa hawa. Mpaka alipokufa."

Nikamkaribisha arudi ndani. Akakataa. Baada ya vipande vitatu vya chungwa akauliza, "Kesho mnafanya nini?"

"Tunakwenda bandarini, Nansha. Kontena linafungwa."

"Na yeye?"

"Na yeye."

"Mimi nasubiri karatasi za mtoto, sina kazi," akasema, anatazama mto. "Kwenye gari kuna nafasi?"

Nansha

Nansha ni mbali, kusini kabisa mwa mji, unapita mashamba ya migomba na viwanda mpaka unadhani umerudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Wakala wa mizigo alitupatia gari dogo. Yustina alikaa mbele na dereva, mimi katikati, na wale wazee wawili nyuma yangu, kila mmoja kwenye dirisha lake. Kwa mwendo wa zaidi ya saa moja nilisikia sentensi mbili. Walter alisema, "Unasikia baridi?" Ray akasema, "Hapana." Nikapunguza upepo wa gari hata hivyo.

Bandarini tuliambiwa tusubiri. Mvua ilipiga kana kwamba wanamwaga bahari kwa ndoo, kreni zikasimama, kontena letu likabaki mlango wazi ghalani, magauni yetu ya watoto yamejaa mpaka juu, lakiri, ule muhuri wa kufungia mlango, iko mkononi mwa karani. Tukaingia kantini ya madereva wa malori. Wali, samaki, mchuzi mweusi. Yustina alinisogelea.

"Mvua ikikatika wanafunga. Nataka jibu langu."

Jibu alilipata mchana uleule, kabla lakiri haijabanwa. Nilimwambia abaki, akodi chumba, na Imelda nitamlea mimi. Nilimwambia hivyo nikiwa nimesimama kwenye mvua bila koti, na alinishika uso mbele ya makarani watatu, jambo ambalo bwana mbolea hajawahi kufanyiwa. Lakini kabla ya hapo nilijiaibisha mara moja zaidi, na sijutii.

Sikuweza kulitoa jibu kabla sijajua. Kwa hiyo pale mezani, mbele ya wote, nikamgeukia mzee.

"Mwalimu, mimi ni mtu wa wivu, nisamehe. Najua hukuoa. Najua ni ile sheria ya kwenu, kwamba aliyekataa vita haozwi Mmarekani. Sasa nataka uniambie mbele ya mke wangu: huyu unamtaka?"

Yustina alifunika uso. Walter alinitazama, nikadhani atanimwagia mchuzi.

"Yustina ni mwanafunzi wangu," akasema. "Alikuja darasani na kiatu kimoja akawa wa kwanza. Namtaka apate chumba chake. Sheria gani?"

Nikamweleza yote, mpaka dawati na Kastori. Mdomo wake ukaanza kucheka. Akamgeukia Ray, akamtafsiria Kiingereza, nafikiri ili apate wa kucheka naye. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha kwa maneno mengi.

Ray hakucheka. Aliacha kutafuna. Akaanza kusema, chini chini, akiuambia wali wake, Kiingereza cha puani na cha haraka ambacho masomo yangu ya jioni hayakukifikia. Nikamwuliza Walter, anasemaje?

"Anasema hakuna sheria kama hiyo."

Ray akaendelea.

"Anasema nilikuwa na mchumba. Ni kweli. Aliitwa Ellen. Tulishatangazwa kanisani."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Ray akasema zaidi.

"Anasema kaka yake Ellen alikuwa naye kikosi kimoja. Alifia kule, miezi michache baada ya mimi kukataa. Hilo nalo nalijua. Ndipo Ellen aliporudisha pete."

Hapo Ray alisema maneno marefu, bila kuinua macho, na Walter hakutafsiri. Mkono wake ulikuwa umeshika vijiti vya kulia, vimesimama hewani. Yustina akamgusa kiwiko.

"Mwalimu?"

"Anasema," Walter akasema polepole, kwa Kiswahili chake kilichonyooka, "Ellen hakurudisha pete kwa msiba tu. Aliandikiwa barua kutoka kule. Aliambiwa kwamba kaka yake alikufa kwenye nafasi yangu, na kwamba akiolewa na mimi ameolewa na aliyemuua. Anasema barua hiyo aliiandika yeye, Ray. Anasema nilikuwa hai, nalala kitandani, na nina mtu wa kuoana naye. Anasema ulikuwa wivu wake tu."